Watunzi wa Marekani na Ufaransa jukwaa moja: nilisikia nota ya Ugogoni nikiwa Paris

Chamwino (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Siku kumi zilizopita nilikwenda kusikiliza wanamuziki sita kwenye ukumbi mdogo mashariki mwa Paris. Hatukuzidi watu mia na hamsini. Ala zao zilikuwa filimbi, klarineti, fidla, selo, piano na vibrafoni (vipande vya chuma vinavyogongwa). Ni muziki wa klasiki, ila si wa Mozart wala Beethoven. Tungo zote tano ziliandikwa kati ya 1936 na 2007, na watunzi ni Wafaransa na Wamarekani. Tangu siku ile nina jambo limenikaa kooni. Sina wa kumsimulia kwa Kiswahili hapa nilipo, na kwa Kifaransa halitoki vizuri.

Jambo lenyewe ni hili: kwenye utunzi wa nne nilisikia sauti ya nyumbani. Sizungumzii ile hali ya mtu aliye mbali ambaye kila kitu kinamkumbusha kwao. Nazungumzia nota yenyewe, ile ambayo piano haina, ambayo shangazi zangu Dodoma wanaiimba bila hata kuifikiria. Fidla ya Mfaransa iliipiga pale mbele yangu. Nitafika huko, ila inabidi nianzie mwanzo.

Jioni ilianza na mtu mmoja tu, dada wa filimbi, amesimama peke yake. Utunzi unaitwa Density 21.5. Hiyo 21.5 ni platinamu: sentimita moja ya ujazo wake ina uzito wa gramu 21 na nusu hivi. Mtunzi ni Edgard Varèse, mzaliwa wa Paris, 1883, aliyepanda meli kwenda New York mwishoni mwa 1915 wakati Ulaya inaungua kwa vita, na huko New York ndiko alikofia mwaka 1965. Aliuandika 1936 kwa ajili ya Georges Barrère, Mfaransa mwingine aliyehamia New York, ambaye alikuwa amepata filimbi ya platinamu. Barrère huyohuyo ndiye aliyepiga filimbi Paris mwaka 1894, siku Prélude à l'après-midi d'un faune ya mtunzi Mfaransa Debussy iliposikika mara ya kwanza. Kwa hiyo upulizaji wa Kifaransa ulivuka bahari kwenye mapafu ya mtu mmoja.

Kuna mahali katikati filimbi inakuwa kama ngoma. Anapuliza kidogo tu, halafu vidole vinagonga vifuniko vya matundu: to, to, to, chuma juu ya chuma. Nilikuwa safu ya tatu. Utunzi mzima ni dakika nne hivi, na unaishia kwenye nota ya juu sana inayozidi kuvimba mpaka unahisi kwenye meno. Kabla ya nota ile nilimwona amefumba macho, akavuta pumzi kama anayetaka kuzamia.

Akabaki pale pale, akaja kijana wa klarineti. Utunzi wa pili ni wa Mmarekani Elliott Carter, Esprit rude/esprit doux, wa 1984. Jina linatokana na alama mbili za Kigiriki cha kale zinazowekwa juu ya irabu mwanzoni mwa neno: moja inasema tamka na pumzi ya h, nyingine inasema usiitie. Sisi hili tunalielewa bila kueleza sana, ni tofauti ya "hapa" ya Dar na "apa" ya Lubumbashi. Carter aliutunga kumpongeza mtunzi Mfaransa Pierre Boulez kutimiza miaka sitini, na "miaka sitini" kwa Kigiriki ina neno moja lenye pumzi na jingine lisilo nayo. Filimbi na klarineti zikawa zinafukuzana kwa mtindo huo, moja inakwaruza, nyingine inateleza.

Mliosoma nota mtapenda hili: Carter amelificha jina la Boulez ndani ya muziki. B kwa Kijerumani ni si bemoli, yaani si iliyoshushwa kidogo. U ni "ut", jina la zamani la do. L ni la. E ni mi. Herufi mbili zisizo na nota ameziacha.

Halafu wakaingia wote sita, pamoja na kondakta, wakapiga Dérive 1 ya Boulez mwenyewe, nayo ni ya mwaka uleule wa 1984. Humo ndani kuna jina tena! Safari hii ni Sacher, yaani Paul Sacher, kondakta wa Uswisi aliyekuwa akiwaagiza watunzi kazi na kuwalipa. Mi bemoli, la, do, si, mi, re. Nota sita, ala sita, na dakika kama sita hivi za muziki unaometameta kama maji ya ziwa saa tano asubuhi. Kila ala inatetemesha nota mbili haraka haraka, vibrafoni inaacha mlio unaning'inia, piano inaudaka.

Nimewaza sana kwa nini waliopanga programu waliweka hizi mbili pamoja. Mmarekani anaandika jina la Mfaransa, Mfaransa anaandika jina la Mswisi, wote kwa nota, mwaka mmoja. Watu hawa walifahamiana, walialikana, walikula pamoja. Carter alisoma Paris kwa mwalimu wa utunzi Nadia Boulanger miaka ya 1932 hadi 1935. Boulez aliongoza okestra ya New York Philharmonic kuanzia 1971 hadi 1977. Mwaka 1973 alianzisha pale maonyesho ambayo viti vya chini vilitolewa ukumbini, watu wakakaa chini kwenye mazulia. Mimi nikisikia "daraja kati ya Marekani na Ufaransa" sifikirii bendera wala ubalozi. Naona watu wazima wanashuka melini na sanduku la nota.

Mapumziko. Naendelea baadaye, naingia zamu.


Besi ya Pili:

Mkuu Chamwino, asante, ila umetuacha pabaya. Huyo Nadia Boulanger nimewahi kumsikia kwa mwalimu wetu wa kwaya. Ni yule aliyemfundisha Quincy Jones?


Chamwino:

Ndiye huyohuyo, mkuu. Quincy Jones alikwenda kwake Paris 1957, miaka mingi kabla ya zile albamu alizomtengenezea Michael Jackson. Mama yule alifundishia nyumbani kwake, mtaa wa Ballu namba 36, na pia Fontainebleau, kwenye chuo kilichofunguliwa 1921 mahsusi kwa wanamuziki wa Kimarekani. Mtunzi wa Kimarekani Aaron Copland alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Mwenzake Philip Glass, mtunzi pia, alikaa naye 1964 hadi 1966. Sinema za Hollywood, symphony za Copland, ukivuta uzi unakuta mwisho wake umefungwa kwenye sebule moja ya Paris.

Niliwahi kupita mtaa ule kwa miguu. Ni nyumba kama nyingine.


Soprano wa Moro:

Kaka yangu, niseme ukweli wangu bila kukuudhi. Nimeitafuta hiyo Dérive nikaisikiliza mara mbili. Sijapata wimbo. Hakuna mahali pa kushika, hakuna pa kuitikia. Sisi wengine tumezoea muziki uwe na mwaliko. Je, huko ukumbini watu wanafurahi kweli au wanakaa kwa heshima tu?


Chamwino:

Dada, hujaniudhi hata kidogo, ni swali la haki. Kwenye Boulez palikuwa na mzee pembeni yangu aliyeangalia saa mara tatu. Kwa hiyo wapo wanaokaa kwa heshima.

Lakini umesema neno zuri, mahali pa kushika. Mimi pia mara ya kwanza nilitafuta wimbo nikakosa, nikachoka. Kilichonisaidia ni kuacha kufuata nota na kufuata mlio unavyokufa. Jaribu hivi: sikiliza vibrafoni tu. Kila inapogongwa, ngoja mpaka mlio wake uishe au umezwe na kitu kingine. Ukifanya hivyo dakika mbili, utaanza kusikia kwamba utunzi mzima ni mambo ya kugonga na kuacha, kugonga na kuacha. Ukishindwa tena, acha, nenda moja kwa moja kwenye utunzi wa tano nitakaoueleza chini. Ule una mwaliko mpaka basi, na umetumia ala zilezile sita.

Sasa niendelee na ule wa nne, maana ndio ulionileta hapa.

Tristan Murail, Treize couleurs du soleil couchant, 1978. Maana yake rangi kumi na tatu za jua linalotua. Murail alizaliwa Le Havre 1947, mji wa bandari ambako mchoraji Monet alichora ile picha yake ya jua linalochomoza. Alisomea kwa mtunzi Mfaransa Messiaen, na baadaye akavuka yeye pia: alifundisha utunzi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, tangu 1997 kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo vijana wengi wa Kimarekani wamepita mikononi mwake. Yeye na Gérard Grisey, aliyefariki 1998, ndio wanaotajwa kwanza ukizungumzia watunzi waliojenga muziki juu ya kile kilichomo ndani ya nota moja.

Hapa naomba msinikimbie, kuna hesabu kidogo.

Mtu wa besi akishika la ya chini, nyuzi zake za koo zinatetemeka mara 110 kwa sekunde. Lakini ndani ya sauti yake kuna mitetemo mingine midogo: 220, 330, 440, 550, 660, 770, na kuendelea. Ndizo zinazofanya sauti yake iwe yake na si ya filimbi. Sasa chukua ile ya saba, 770. Nenda kwenye piano utafute kitufe chake. Hakuna. Kilicho karibu ni sol yenye 784. Fundi wa piano akiisikia 770 atakwambia imeshuka, ikaze.

Watunzi hawa hawakuikaza. Grisey alichukua mi ya chini ya tromboni, akachunguza kilichomo ndani, akawagawia wanamuziki 18 kila mmoja chembe yake, yaani mmoja wa mitetemo ile midogo. Ni utunzi wa 1975 unaoitwa Partiels. Murail naye anawaandikia filimbi, klarineti, fidla na selo nota za katikati ya vitufe, robo toni, wakati piano inabaki na zake.

Na sisi Wagogo tunaimba wapi? Hapo hapo. Uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi hii ya asili, takriban kuanzia chembe ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba imo, tena inaimbwa kwa nguvu. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, anajua ninachosema: anapanda juu na zeze lake, sauti inakaa mahali ambapo mtu wa kinanda anadhani amekosea, ila zeze limekaa palepale naye, na ilimba pia, ile ala ya sanduku na vijiti vya chuma. Hajakosea. Kinanda ndicho kisicho na mahali pale.

Nilipokuwa shule ya msingi tulijiunga na kwaya, mwalimu akatufundisha do re mi kwa kinanda. Kila tukifika "ti" sisi watoto wa vijijini tulishusha. Alituambia masikio yetu yana kasoro. Tulisimamishwa mbele tuimbe mmoja mmoja. Mimi niliamini, kwa miaka ishirini na zaidi niliamini kwamba masikio yangu yana kasoro.

Basi ukumbini pale selo ilianza chini, laini sana, halafu fidla ikaja juu yake na ile nota. Ilikaa kama sekunde nne tano. Sikufikiria hesabu yoyote. Niliona uwanja wa bibi, vumbi jekundu, wanawake wamekaa na ngoma za muheme mapajani, na yule anayeanzisha anatupa sauti juu. Nilishika kiti cha mbele yangu. Rangi zikaendelea kubadilika, katikati milio ikawa mikali, inakwaruza, kisha ikarudi kupoa mpaka ikabaki pumzi tu ndani ya filimbi. Yule mzee wa saa alikuwa ameacha kuangalia saa.

Sidai kwamba Murail alikwenda Dodoma. Nasema ngazi hii ni ya asili, imo ndani ya kila uzi unaotetemeka. Wagogo waliifikia kwa koo na zeze. Wafaransa waliifikia kwa mashine za kupimia mlio. Tulikutana kwenye 770.


Mtoto wa Kagera:

Mkuu hapo umenitoa machozi, nami sikuwahi kufika Dodoma. Ila ngoja niulize. Hiyo ilimba si ndiyo yenye kile kitu kinachovuma, kama nyuki? Na huyo wa tano ni nani, mbona umemficha?


Chamwino:

Ndiyo, mkuu. Kwenye sanduku la ilimba kunatobolewa tundu, juu yake panabandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Ukigusa kijiti cha chuma, utando unatetemeka, sauti inavuma pembeni yake. Baba mdogo alikuwa anautafuta ukutani, kwenye kona za stoo, anaubandua kwa ncha ya kisu asiutoboe. Bila utando alisema ilimba "imelala".

Wa tano ni Steve Reich, Mmarekani wa New York, aliyezaliwa 1936. Utunzi ni Double Sextet wa 2007, uliompatia tuzo ya Pulitzer 2009. Wanamuziki ni walewale sita, lakini wanapiga wakiandamana na rekodi yao wenyewe, kwa hiyo unasikia kumi na wawili: piano mbili na vibrafoni mbili ndizo injini, zinagawana mapigo, moja inajaza nafasi iliyoachwa na nyingine. Dada Soprano, huu ndio wenye mwaliko. Sehemu tatu, ya haraka, ya taratibu, ya haraka tena, dakika ishirini na kitu. Nilimwona mtu wa vibrafoni anatabasamu akipiga, na miguu ya watu ukumbini ilikuwa inatikisika.

Hapo ndipo programu iliponifungukia. Boulez ana filimbi, klarineti, fidla, selo, piano na vibrafoni. Reich ana zilezile. Mmoja anazitumia kufanya mlio uning'inie hewani, mwingine anazitumia kusukuma gari. Msidhani pia kambi hizi mbili hazikuzungumza: Reich ana utunzi unaoitwa City Life, uliojaa honi, breki na ving'ora vya New York, ambao katika sehemu yake ya kwanza anasikika mchuuzi wa barabarani akiita wateja. Miongoni mwa walioagiza utunzi huo ni Ensemble intercontemporain, kundi la Paris alilolianzisha Boulez 1976. Na ni wao walioupiga mara ya kwanza, Metz, Ufaransa, Machi 1995, wakiongozwa na Mmarekani David Robertson.


Mtoto wa Kagera:

Mkuu, hiyo ya piano kugawana mapigo ndiyo amadinda ya Buganda kabisa. Mjomba wangu alioa Masaka, nimekaa pale likizo mbili. Watu wawili wanakaa kuikabili ala moja ya vipande vya mbao, huyu anapiga, yule anajaza katikati, wa tatu anachukua zile mbao mbili za juu. Ukisikiliza kwa mbali unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Je, Reich alichukua kwetu?


Chamwino:

Mkuu, swali hili linastahili jibu la uangalifu. Reich alikwenda Ghana 1970, akajifunza ngoma za Waewe kwa mwalimu Gideon Alorwoyie pale Accra. Malaria ikamrudisha mapema. Mwaka uliofuata akamaliza utunzi mrefu wa ngoma, Drumming. Hajawahi kuficha safari ile. Lakini mtindo wake wa kusogeza mapigo mawili yapishane ulikuwa umeshaanza, kuna kazi zake za 1965 na 1967 zinazoonyesha. Yeye mwenyewe amesema Ghana ilimthibitishia njia aliyokuwa ameshaishika. Amadinda si Accra, ni ufundi mwingine wenye watu wake. Mimi ningependa siku moja programu ya namna hii iwe na Waganda watatu na ala yao jukwaani, kabla ya Reich, majina yao yakiwa yamechapwa kwa herufi zilezile.


Soprano wa Moro:

Kaka, nimeisikiliza Double Sextet jikoni nikipika. Wali umeungua kidogo. Nimeirudia sehemu ya kati mara nne. Sasa nimeanza kusikia ulichosema kuhusu vibrafoni ya Boulez, nimerudi kule. Si kwamba nimeipenda, ila nimeacha kuikimbia.


Besi ya Pili:

Wakuu, narudi na taarifa. Jana mazoezini niliwaomba besi watano tushike la ya chini, wengine wanyamaze kabisa. Alto wawili walisema wanasikia mi juu yetu, kama mtu anapiga mluzi. Ile yako ya saba hakuna aliyeisikia. Tunakosea wapi?


Chamwino:

Hamjakosea, mi ya juu ndiyo inayotangulia kusikika, ni ya tatu kwenye orodha ile, 330. Umefurahisha sana siku yangu.

Fanyeni hivi. Punguza watu, abaki mmoja mwenye sauti kavu, isiyotetemeka. Zimeni feni. Aanze na "u", midomo imebana, halafu afungue polepole mno kuelekea "o", kisha "a", pumzi moja, bila kubadilisha nota. Kila irabu inapofunguka inainua chembe nyingine. Utasikia ngazi inapanda ndani ya sauti ya mtu mmoja. Ukifika kati ya "o" na "a" msimamishe hapo hapo, ashikilie. Mwambie alto mmoja aifuate kwa mdomo uliofumbwa, na kinanda msikiguse kabisa, kitawavuta kwenye 784.